Damu ya Kulinganishia

Kwa miaka kumi na mmoja, damu safi kuliko zote pale hospitalini ilikuwa ya mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, aliyefanya kazi katika chumba kisicho na dirisha. Hakusingiziwa sifa hiyo. Alijitangaza mwenyewe, tena mara nyingi, mpaka wenzake wakachoka kumsikia. Walimwita Mama Nukta. Mtoto hakuwa naye, lakini jina likishakuganda utalibandua kwa nini?

Kazi yake ilikuwa kuhesabu nukta, na sharti niieleze hapahapa, maana asiyeielewa kazi hii hataona ubaya wake. Ndani ya kila seli ya mwili wako mna kiini, na ndani ya kiini mna uzi mrefu wa vinasaba, umezungushwa kwenye protini ndogondogo kama uzi wa fundi cherehani unavyozungushwa kwenye kijiti chake. Mionzi ikipita mwilini, uzi hukatika. Seli nayo hailali. Papo hapo hubandika kemikali ya fosfati juu ya zile protini zilizo jirani na pale palipokatika, iwe alama ya kuwaita mafundi: njooni, kazi iko hapa. Mafundi wakishaunga, alama hufutwa, na kesho yake huoni kitu. Mama Nukta aliiwahi alama kabla haijafutwa. Aliitia damu rangi inayoshika penye alama tu, akazima taa, akaweka jicho kwenye darubini, na kila palipokatika pakang'aa kijani. Nukta moja, jeraha moja. Mtu mwenye afya zake, seli mia za damu yake hazizidi nukta kumi na tano.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda kinachoua vijidudu kwenye sindano, glavu na bandeji kwa kutumia mionzi. Chuma chenye mionzi kilikaa ndani ya kisima cha maji. Mashine ikiwashwa kilipanda juu, masanduku yakapita mbele yake. Kikishashuka tena majini, mlango mzito ulifunguka na watu wakaingia kupanga mizigo. Kila baada ya miezi miwili wafanyakazi wote kumi na tisa walitolewa damu mara tu zamu ilipoisha, na mchukuzi wa maabara, aliyeitwa Mzee wa Barafu, akaivusha barabara ndani ya ndoo iliyojaa barafu. Barafu ilikuwa lazima. Damu ikikaa na joto seli huendelea kujiunga na kufuta alama, na hapo ushahidi umekwenda na maji.

Sasa, ile rangi ilikuwa na ukorofi wake. Chupa hii iling'aa kupita kiasi, ile ikafifia. Ndiyo maana kila siku ya kuhesabu ilibidi kioo kimoja chembamba cha kuwekwa chini ya darubini kipakwe damu ya mtu safi, damu ya kulinganishia. Nukta zilizoonekana humo zilichukuliwa kuwa ni uchafu wa rangi tu, zikatolewa kwenye hesabu ya kila mfanyakazi. Zikibaki chini ya ishirini na tano, mtu huandikwa salama. Miaka kumi na mmoja nyuma, mkuu wa maabara aliangaza huku na huku akitafuta mtu safi, kidole kikamwangukia mhesabuji wake. Akasema huyu anafaa, hanywi, havuti, haugui, na hata mume hana wa kumpandisha presha. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alikunja mkono wa gauni, akatoa damu, na tangu siku hiyo kichwa kikamvimba.

Wacha wee, alivyoringa! Aliyekohoa karibu yake aliambiwa asogee, hii ni damu ya kazi. Aliyemshauri apimwe afya kama watumishi wengine wote wanavyopimwa kila mwaka alijibiwa kwa maneno mawili, na maneno hayo aliyapenda kuliko sala: mizani haipimwi. Alipita korido kama mwenye hospitali. Nesi mmoja alipoolewa na mtu mwenye kisukari, Mama Nukta alimwambia mbele ya watu kwamba ameingiza maji machafu kwenye mtungi. Huyo ndiye mtu wetu, na sina haja ya kumpaka mafuta.

Penzi alilokuwa nalo duniani alimpa mtu mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao aliwaacha yeye ana miaka kumi na tisa na mtoto ana sita, na huyo mtoto alikuwa akipiga mluzi tangu asubuhi hata akilala, mtaa mzima ukamwita Kipenga. Alimlea kwa mkono wa chuma. Alimsomesha, akamchagulia viatu, akamchagulia marafiki, na alipokuwa mkubwa akaenda mwenyewe kumwona msimamizi wa kiwanda cha mionzi na kumwombea kazi. Kipenga aliuliza kama si hatari. Dada yake akamwambia hatari ni kwa wasio na mtu wa kuwahesabu.

Hairuhusiwi mhesabuji kujua kioo ni cha nani. Vioo vina namba tu. Lakini Mama Nukta alijua kwamba namba kumi na nne ni mdogo wake, kwa sababu alimbana Mzee wa Barafu mpaka akasema, na kila baada ya miezi miwili kioo hicho alikihesabu mara mbili. Jioni Kipenga alipita kumwuliza, kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Dada, niko salama?"

"Mweupe kama karatasi," alikuwa akimjibu, na Kipenga akaondoka akipiga mluzi.

Ilikuwa kweli, miaka minane. Mwaka wa tisa hospitali ilibadilisha muuzaji wa rangi, na palepale nukta za damu ya kulinganishia zikaanza kupanda. Zilikuwa kumi na tatu siku zote. Zikawa ishirini. Akaandika pembeni ya daftari: rangi mpya. Zikawa thelathini na nne. Akaandika: rangi kali. Zilipofika hamsini na moja alimpigia simu muuzaji akamgombeza, na muuzaji, ambaye rangi yake haikuwa na kosa lolote, akaomba radhi na kuleta chupa nyingine. Zikawa sitini. Akaandika: rangi hovyo, lakini kutoa kunarekebisha. Nyani haoni kundule. Miezi hiyohiyo mswaki wake ulikuwa ukitoka na damu kila asubuhi, miguuni michubuko myeusi ilijitokeza bila kujigonga popote, na ngazi alizokuwa akizipanda kwa mwendo wa polisi sasa alizipumzikia katikati. Akasema ni uzee. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Wakati huohuo, kule kiwandani, nukta za wafanyakazi nazo zilikuwa zikipanda, kwa sababu yao wenyewe ya kweli kabisa. Kizuizi cha mlango kilikuwa kimechoka. Mlango ulianza kufunguka kabla chuma hakijazama chote majini, na taa nyekundu ya kuonya siku nyingine iliwaka, siku nyingine ikagoma. Wafanyakazi walilalamika. Msimamizi akawajibu kwa karatasi iliyotoka hospitalini, yenye sahihi na mhuri: watu kumi na tisa, wote salama. Kama mlango ungekuwa mbovu, alisema, damu zenu zingesema. Hapo nani angebisha?

Jumamosi moja mchana Kipenga alikuja nyumbani kwa dada yake akiwa na bahasha. Alikuwa amekonda. Alieleza habari ya mlango, akaeleza habari ya taa, akasema kila akitoka zamu anatapika njiani na mkewe ameanza kuuliza maswali. Alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi, ataipeleka Jumatatu, ila alitaka dada aisome kwanza. Tangu utotoni hakuwahi kufanya jambo bila ya dada kulisoma kwanza. Maskini, hata kujiokoa alikuja kuomba ruhusa.

Mama Nukta hakuisoma hata nusu. Kioo namba kumi na nne alikihesabu juzi yake tu. Nukta themanini, toa sabini za rangi, zimebaki kumi. Kumi! Alimwuliza mdogo wake kama kichefuchefu chake kina cheti cha maabara. Alimwambia wanaume wa siku hizi wakisikia tumbo linaunguruma wanaandika wosia. Alimkumbusha nani alimpigia magoti msimamizi kuipata kazi ile. Kipenga alijaribu kusema kwamba taa ameiona kwa macho yake, na hapo dada mtu akakasirika hasa.

"Wewe umeona kwa macho, mimi nimeona kwa darubini," alisema. "Nimekuhesabu mwenyewe. Huna kitu."

Akaikunja barua, akaichana, akaviweka vipande mezani chini ya kikombe. Kipenga alivitazama kidogo, kisha akacheka, akasema haya dada, kama umesema. Alinywa chai yake akaimaliza, akaaga. Jumatatu alikuwa kazini, na siku hiyo alikuwa wa kwanza kuingia mlango ulipofunguka.

Miezi minne baadaye, asubuhi ya kuhesabu, Mama Nukta alianguka kwenye ngazi za hospitali. Hakuumia sana, ila nesi aliyemwinua, yuleyule aliyeambiwa habari ya mtungi na maji machafu, aliona miguu yake na ufizi wake, akamwambia leo asijitoe hata tone moja la damu, na kesho aende kwa daktari. Mama Nukta alitaka kumtukana, pumzi ikamkatalia. Damu za wafanyakazi zilikuwa zimeshafika na barafu ilikuwa inayeyuka. Mzee wa Barafu akakunja shati lake akanyoosha mkono, akasema chukueni hii basi. Mzee yule alivuta pakiti nzima ya sigara kwa siku. Mama Nukta akamwambia hiyo si damu, hiyo ni masizi, lakini kwa kuwa hakuna jinsi ataichukua, na jioni ataandika kwamba kazi ya leo haifai.

Akapaka vioo, akatia rangi, akasubiri saa zake, akazima taa. Alianza na kioo cha Mzee wa Barafu, tena kwa dharau. Seli ya kwanza haina kitu. Ya pili haina kitu. Ya tatu nukta moja. Alihesabu mia, akapata kumi na moja.

Kwanza alidhani rangi imekufa. Hilo ndilo lililomjia, na msimcheke, mtu huamini aliyoyazoea. Akaweka kioo namba kumi na nne ahakikishe, na pale kwenye giza, viini vya seli za mdogo wake vikamwakia kijani kutoka kila pembe. Rangi ilikuwa hai. Alihesabu mara mbili kama kawaida yake. Tisini na sita. Akaweka namba tatu, themanini na tano. Namba tisa, sabini na nane. Rangi ileile, chupa ileile, mkono uleule, na mzee mvuta sigara ana kumi na moja tu.

Halafu akafanya alichokatazwa: akajidunga, akatoa damu, akaitia rangi kutoka chupa ileile. Saa tatu alizosubiri hakutoka chumbani na hakuwasha taa. Kioo kilipokuwa tayari alikihesabu polepole, kwa kalamu, bila kuruka seli hata moja, na alipofika mia akasoma alichoandika. Themanini na nane. Yeye, ambaye hakuwahi kukanyaga ndani ya ule mlango mzito hata siku moja.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, na yeye kilikuwa kwenye mishipa. Akawasha taa akafungua daftari, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, na kwenye kila ukurasa mwandiko wake mzuri ulimngojea: rangi mpya, rangi kali, rangi hovyo. Akafika ule wa wiki ya barua. Themanini, toa sabini, baki kumi. Ukitoa zile kumi na tatu za zamani, zinabaki sitini na saba. Damu yake iliyooza ndiyo iliyokuwa ikiwaosha watu kumi na tisa kila miezi miwili, ikawarudisha mlangoni wakiwa weupe kama karatasi.

Alibeba daftari kwa mkuu wa maabara, akaeleza yote bila kujitetea. Mkuu alisikiliza, akainuka akafunga mlango, akauliza nani mwingine anajua. Hakuuliza watu wangapi wameumia. Alisema kiwandani atapiga simu yeye. Kisha akaandika taarifa kwamba kosa limetokana na hali ya mwili ya mhesabuji, ambaye alificha ugonjwa. Mama Nukta akamkumbusha kwamba kila karatasi ina mhuri wake mkuu, na mkuu mwenyewe ndiye aliyeichagua damu ile. Mkuu akajibu kwamba mhuri ni wa ofisi, na ofisi haina damu. Mpaka leo yuko kwenye kiti chake, na kwa taarifa yako, kapandishwa cheo.

Daktari wa damu alimwambia Mama Nukta kwamba uboho wake, ule mtambo ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umeanza kuharibika wenyewe. Unazaa seli ambazo uzi wake umeshakatikakatika kabla hazijatoka, na ndiyo maana alama zimejaa. Ungekuja miaka miwili iliyopita, alisema daktari, tungekuwa na mengi ya kufanya. Akauliza, kwa mshangao wa kweli, watumishi wa hospitali si hupimwa kila mwaka? Mama Nukta alikuwa na jibu lake la maneno mawili, lakini safari hii alichukua cheti chake akainuka.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Wifi yake alimfungulia, uso umevimba kwa kulia, akamwonyesha chumbani. Kipenga alikuwa amelala juu ya kitanda, mchana kweupe, na nywele zilikuwa zimebaki kwenye foronya. Tangu zamu ile ya kutolewa damu hakwenda tena kazini. Mama Nukta alibaki amesimama, akamwambia yote kwa namba, kwa sababu hakujua kuyasema kwa njia nyingine: themanini, sabini, kumi, sitini na saba. Alisema kosa ni langu, si la rangi. Akasema nisamehe, neno ambalo Kipenga hakuwahi kulisikia kinywani mwake tangu azaliwe.

Kipenga alimwacha amalize. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Ile barua uliichana vipande vingapi?"

Alikumbuka. Kazi yake ilikuwa kuhesabu.

"Vinne."

Kipenga akatikisa kichwa polepole, akageukia ukutani. Mama Nukta alisubiri atukanwe, angefurahi kutukanwa, lakini hakupewa hata hilo. Wifi yake alimtoa mpaka mlangoni, akafunga kwa komeo.

Kiwanda kilifungwa mwezi mmoja, kizuizi kikatengenezwa kwa siku mbili, kisha kiwanda kikafunguliwa. Wafanyakazi watatu walilazwa, wengine wakahamishiwa ghalani. Kipenga alizidiwa kuliko wote kwa sababu tangu Jumatatu ile alikuwa akiingia wa kwanza, akiwaambia wenzake waoga kwamba dada yake kamhesabu. Uboho wake ulikuwa umeungua. Madaktari walisema dawa zimefika mwisho, linalobaki ni apate uboho wa mtu mwingine, na mtu wa kufaa kwanza kabisa ni ndugu wa baba mmoja, mama mmoja.

Siku ya kujaza fomu ya kutafutiwa uboho, Mama Nukta alikuwa wodini. Alikuja kila siku na chupa ya chai, akaiweka kwenye kabati la kitanda, na kila siku aliikuta imejaa vilevile. Alisimama mlangoni, maana hakuwahi kuambiwa akae. Nesi wa zamu, yule wa mtungi, alivuta kiti karibu na kitanda, akamwuliza Kipenga jina, umri, mke, watoto. Kipenga alijibu kwa sauti ndogo, midomo imepasuka. Nesi akafika kwenye mstari wa ndugu.

"Una ndugu wa tumbo moja?"

Kipenga alifungua macho, akamwangalia dada yake pale mlangoni, akamwangalia kwa kitambo kizuri, bila hasira yoyote.

"Sina," alisema.

Nesi akasita. Alimjua Mama Nukta miaka yote hiyo, alijua nani alimlea nani, na kalamu ikabaki hewani. Aligeuka kumtazama, na pengine alitaka kumpa nafasi ya kubisha. Lakini abishe nini? Uboho wa kumpa mdogo wake hakuwa nao, na hiyo fomu ilitaka ukweli. Mama Nukta alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Andika alivyosema," alisema.

Nesi akaandika.